Tangi jipya la samaki liive kwanza, samaki baadaye

Ndugu zangu wa Tanga habari za saa hizi. Naandika hii kwa sababu kila nikipita Ngamiani na Makorora naona matangi ya vioo ya samaki wa mapambo yanaongezeka, saluni wanaweka, gesti wanaweka, sebuleni watu wanaweka, na mimi nafurahi sana kuona hivyo, lakini samaki wanakufa mno. Na wanakufa kwa mtindo uleule: mtu ananunua tangi asubuhi, mchana kajaza maji ya bomba, jioni katia samaki kumi, wiki haijaisha wamebaki wawili, afu anaambiwa ana mkono mbaya. Jamani mkono wako hauna shida yoyote. Tangi lilikuwa halijaiva tu.

Iko hivi. Samaki anatoa amonia muda wote, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, yale anayopumulia, na chakula kilichobaki chini kikioza kinatoa amonia pia. Amonia ni sumu. Kwenye tangi lililoiva kuna bakteria wa kundi la kwanza wanaobadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wapo wa kundi la pili wanaobadilisha nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndio afadhali, samaki anaivumilia mpaka ifike juu sana na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina hao bakteria wa kutosha. Kwahiyo ukweli ni kwamba mfugo wako wa kwanza ni bakteria, samaki ni mfugo wa pili, na hao bakteria hawaelei elei kwenye maji kama wengi wanavyodhani, wanajishika kwenye sponji ya filta, yaani chujio la maji, kwenye changarawe, kwenye kuta za kioo. Ndio maana maji yanaweza kuwa maangavu unaona mpaka upande wa pili na bado yakaua. Usiamini macho kwenye hili, amini kipimo.

Tuanze na maji yenyewe. Maji ya bomba yana klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, na klorini inaua bakteria hao hao unaotaka kuwafuga, kwahiyo yajaze kwenye pipa au ndoo zilizo wazi uyaache siku nzima, ukiweka pampu ya hewa ndani ni bora zaidi. Maji ya kisima nayo yana mambo yake. Huku pwani visima vingine vina chumvi, onja kwanza, na vilivyo karibu na vyoo vya shimo mara nyingi vina nitrati tangu mwanzo, sasa usipoyapima kabla utakuja kudhani tangi limeiva kumbe ile nitrati ilitoka kisimani. Maji ya mvua watu wanayapenda wakati wa masika kwa kuwa ni ya bure na ni laini, yaani hayana madini mengi, lakini ulaini wenyewe ndio tatizo, kazi ya bakteria inakula ule ugumu wa maji, yaani madini yake, na ukiisha pH (kipimo cha uchachu, ikishuka maji yanakuwa makali) inashuka, ikishuka chini ya 6 kazi inakaribia kusimama kabisa na mtu anakaa anasubiri wiki na wiki hakuna kinachoendelea. Changanya mvua na bomba, au weka maganda ya chaza yaliyooshwa vizuri kwenye filta, yatakuwa yanayeyuka taratibu na kurudisha ugumu. Mchanga chukua wa mto, wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe ambavyo vitapandisha pH hata pale usipotaka.

Sasa kuivisha. Washa filta na pampu ya hewa usiku na mchana, bila samaki hata mmoja. Bakteria wanahitaji chakula, na chakula chao ni amonia, kwahiyo lazima kitu kioze mle ndani. Njia rahisi kwetu ni kamba mbichi, yule wa baharini, nenda soko la samaki la Deep Sea nunua kamba mmoja tu, suuza, mfunge kwenye kipande cha soksi ya nailoni umtumbukize, akianza kuoza amonia inapanda. Au kila siku tia chakula cha samaki kidogo kama vile unalisha. Amonia ikifika miligramu 2 kwa lita inatosha, ikizidi sana mtoe kamba, maana amonia nyingi kupita kiasi inawachelewesha haohao bakteria.

Siku za mwanzo maji yanaweza kuwa meupe ya utusitusi. Watu wengi hapa ndio wanaharibu, wanamwaga maji yote, wanaosha sponji kwa sabuni, wanaanza upya, afu utusi unarudi wanamwaga tena. Acha! Hao ni bakteria wa aina nyingine wanaokula uchafu, wataisha wenyewe.

Kipimo ni lazima, na hapa sitakubembeleza. Tafuta vipimo vya matone, unachota maji kwenye kile kichupa, unadondosha matone kama maelekezo yanavyosema, unasubiri dakika zake zitimie, unalinganisha rangi na kadi ukiwa kwenye mwanga wa mchana sio wa balbu. Vipimo vingi vya amonia rangi ya njano ina maana hamna, kijani kinavyokolea ndio amonia inavyozidi. Utaona amonia inapanda, baadae inaanza kushuka na nitriti inatokea, na hii nitriti ndio inachosha watu maana inaweza kukaa juu muda mrefu ukadhani imegoma. Haijagoma, kundi la pili linachelewa kukua kuliko la kwanza. Yote kwa ujumla ni wiki 4 mpaka 6. Kwa joto letu la Tanga maji yanakaa kwenye nyuzi 26 hadi 30 yenyewe kwahiyo hita huna haja nayo, pesa hiyo kanunulie pampu nzuri ya hewa, kwa sababu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na bakteria hawa wanakula oksijeni kwelikweli.

Unajuaje limeiva? Pandisha amonia kama mwanzo ifike tena miligramu 2 kwa lita, subiri saa 24, pima. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati ipo. Hapo ndio limeiva. Kama nitriti bado inaonyesha rangi, bado, ongeza siku. Likishaiva badilisha zaidi ya nusu ya maji ili nitrati ishuke, ndipo ukanunue samaki.

Ukitaka kufupisha muda kuna njia moja ninayoiamini, omba kipande cha sponji kutoka tangi la zamani la mtu ambaye samaki wake ni wazima, kibebe kikiwa kimelowa kwenye maji yake, kiweke kwenye filta yako siku hiyohiyo. Kinaweza kukushusha mpaka wiki moja au mbili, lakini bado utapima. Kama kwenye lile tangi kuna samaki ana vidoadoa vyeupe au mapezi yanalika, usichukue, utabeba na ugonjwa. Dawa za chupa zenye bakteria zipo madukani, nyingine zinafanya kazi, ila chupa iliyokaa dirishani kwenye jua la Tanga mimi siwezi kukushauri uinunue.

Umeme ukikatika bakteria wanakosa hewa. Filta ya nje ile ya boksi ndio hatari, maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa oksijeni kwa masaa machache tu, kwahiyo umeme ukirudi usiwashe moja kwa moja, mwaga kwanza yale maji ya ndani maana yananuka na yatakwenda kuua samaki. Sponji ya kawaida inayotumia pampu ya hewa ni salama zaidi, na pampu ndogo ya betri ya akiba ni kitu cha kuwa nacho. Kuosha sponji ni kuikamua kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, basi. Ule utelezi wa kahawia usiumalize, ndio mali yako.

Samaki ingiza kidogo kidogo, theluthi ya unaowataka kwanza, pima, wiki au mbili baadae ongeza. Lisha wanachomaliza ndani ya dakika 2. Na perege msiweke kwenye matangi haya madogo jamani, najua ni samaki wetu, kuna aina ya perege hata jina lake la kisayansi limechukuliwa Korogwe hapo, Oreochromis korogwe, lakini perege anakua na uchafu wake ni mwingi, tangi la lita 60 halimuwezi.

Kama samaki tayari wamo na wanahema juu ya maji, usiwatupe na usibadilishe maji yote. Punguza chakula, lisha siku moja uache moja. Kila siku toa robo mpaka theluthi ya maji uweke yaliyolala kwenye pipa, ongeza hewa, pima amonia na nitriti. Jihadhari na maji yenye pH ya 8, kwa joto letu hili kama asilimia 6 hadi 7 ya amonia iliyopo inakuwa kwenye ile hali kali inayoua, wakati kwenye pH ya 7 haifiki hata asilimia 1, kwahiyo kipimo kilekile kwa jirani hakina shida na kwako kinaua. Ukiona matamvua yamegeuka kahawia badala ya wekundu, hiyo ni nitriti imeingia kwenye damu, tia chumvi gramu 1 kwa kila lita ukiwa umeiyeyusha pembeni kwanza, chumvi inazuia nitriti isipite kwenye matamvua. Samaki mwingine usiongeze mpaka amonia na nitriti zisome sifuri wiki nzima mfululizo.