Kuandaa hoja za nchi kabla ya mazungumzo ya upendeleo wa ushuru

Ujumbe wa nchi inayoendelea ukienda Geneva, Brussels au Washington, mara nyingi hubeba ombi moja: ushuru sifuri. Hilo ndilo jepesi kupewa. Kontena hupita au hukwama kwa sababu ya kanuni za uasili wa bidhaa (zinazoamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya nchi gani), ukomo wa mpango na vifungu vya kuuondoa. Maandalizi yaelekee huko, na yaanze miezi kadhaa kabla ya safari.

Jedwali kwanza

Chukua takwimu za mauzo ya nje za miaka 3 kwa namba za HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa za forodha, za tarakimu 6. Kwa kila bidhaa andika thamani, ushuru wa kawaida wa soko hilo, ushuru wa upendeleo, tofauti kati ya hizo mbili, na sehemu ya mzigo ambayo kweli iliingia kwa upendeleo. Takwimu hii ya mwisho itafute kwenye forodha ya nchi inayonunua, maana upendeleo huombwa na mwagizaji akiwa huko.

Tofauti ya ushuru hufichua mengi. Kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya kwa 0% hata bila upendeleo wowote, kwa hiyo kuipigania ni kupoteza kikao. Kahawa iliyokaangwa hutozwa 7.5%, na hapo ndipo mkaangaji wa Moshi au Kampala ana faida ya kulindwa.

Ukikuta bidhaa yenye tofauti kubwa lakini upendeleo hautumiki, usikimbilie kuomba punguzo zaidi. Waulize wauzaji malighafi inatoka wapi, mzigo unapitia bandari gani, na tamko la uasili anasaini nani. Katika mpango wa Ulaya, muuzaji yeyote anaweza kutoa tamko kwa shehena isiyozidi yuro 6,000. Zaidi ya hapo lazima awe amesajiliwa katika REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wauzaji nje. Asiyesajiliwa, mteja wake hulipa ushuru kamili hata kama nchi ina haki zote. Tatizo la namna hiyo hutatuliwa nyumbani.

Kanuni za uasili: hapa tumia muda mwingi

Pima kila bidhaa kwa hesabu halisi za kiwanda. Tuseme bei ya kiwandani ni dola 100 na malighafi ya nje ni dola 64. Chini ya mpango wa Ulaya wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha, ulioanza 2001, nchi zenye maendeleo duni zaidi huruhusiwa malighafi ya nje hadi 70% kwa bidhaa nyingi za viwandani. Bidhaa inapita. Nauli ya meli ikipanda na malighafi ikafika dola 72 huku bei ya kuuzia haijabadilika, bidhaa ileile inaanguka, ingawa mashine na wafanyakazi ni walewale. Kwa hiyo usiombe kiwango kinachotosha leo tu. Ongeza nafasi ya kupumua. Uingereza katika mpango wake wa 2023 imefika 75%.

Kwa nguo, asilimia si msingi wa hoja. Swali ni hatua ngapi zifanyike nchini. Kanuni ya hatua mbili hudai kitambaa kifumwe na kishonwe hapo hapo, na nchi isiyo na viwanda vya kufuma inabaki nje. Ulaya ilikubali hatua moja kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi kuanzia 2011, na AGOA, sheria ya Marekani ya upendeleo kwa nchi za Afrika, iliweka kifungu cha kitambaa cha nchi ya tatu, yaani kushona kwa kitambaa kilichotoka nje. Kifungu hicho kimekuwa uti wa mgongo wa washonaji wa Afrika Mashariki. Kikiondoka, sifuri iliyobaki kwenye karatasi haimshiki mtu kazini.

Omba pia malighafi ya nchi jirani ihesabiwe kama ya kwako, na uhakikishe jirani huyo yuko tayari kutoa uthibitisho unaotakiwa.

Ukomo na kuondolewa

Upendeleo usio wa kulipana, yaani ambao anayepewa hatakiwi kupunguza ushuru wake, ni uamuzi wa anayetoa, na anaweza kuurudisha mfukoni. Mwaka 2018 Marekani iliiondolea Rwanda faida za AGOA kwa nguo baada ya Rwanda kupandisha ushuru wa mitumba. Kwa hiyo kabla ya bajeti kusomwa, wizara ya biashara ipitie kila ushuru mpya na kuulinganisha na masharti ya mipango yote.

Tarehe nazo huuma. Mkataba wa Afrika Mashariki na Ulaya ulipochelewa, Kenya ilianza kutozwa ushuru 1 Oktoba 2014 hadi Desemba, maua yakiwemo, ilhali majirani zake waliendelea na sifuri kwa kuwa wamo katika kundi la maendeleo duni zaidi. Nchi inayokaribia kutoka kundi hilo ianze mazungumzo mapema: Ulaya hutoa miaka 3 ya mpito, na mikataba huchukua zaidi ya hapo.

Msingi wa kisheria ni Kifungu Wezeshi cha 28 Novemba 1979, kinachoruhusu nchi zilizoendelea kuzipa nchi zinazoendelea ushuru nafuu. Ukiona mshindani wako amepewa zaidi, kumbuka hukumu ya 2004 ya Shirika la Biashara Duniani katika shauri la India dhidi ya Ulaya: kutofautisha nchi kunaruhusiwa, ila wenye mahitaji yanayofanana watendewe sawa. Hoja hiyo iandikwe na mwanasheria, pamoja na ushahidi wa mahitaji.

Mezani

Msiende na wanadiplomasia peke yao. Afisa forodha na mtu wa kiwandani wawepo. Maoni ya maandishi yatumwe kabla ya siku ya mwisho ya kukusanya maoni, maana rasimu ikishatoka hubadilika kwa shida.

Kabla ya kuweka saini za awali, chukueni bidhaa 10 za juu kwenye jedwali. Afisa forodha aoneshe kwa kila moja mstari wa kiambatisho unaoihusu, hati itakayotakiwa bandarini, na ofisi itakayoitoa. Bidhaa isiyo na majibu yote matatu irudi mezani siku hiyohiyo.