Somo: Kumsaidia aliyetoka jela apate kazi ya kudumu Nairobi

Wengi wetu huanza pabaya. Mtu akitoka gereza la Kamiti Ijumaa, Jumatatu tunamsukuma aombe kazi ya ulinzi au ya kuendesha matatu. Kazi hizo mbili haziingiliki bila cheti cha tabia njema. Akipeleka alama za vidole DCI (idara ya upelelezi wa jinai inayotoa cheti hicho), hukumu inajitokeza, na wiki yake ya kwanza uraiani inaishia kwa kufukuzwa mlangoni. Anza kwingine.

1. Karatasi
Kitambulisho hupotea sana, mara nyingi tangu siku ya kukamatwa. Chukua abstract (hati ya polisi ya kitu kilichopotea) kituoni, kisha nendeni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, iwe GPO au Makadara. Angalia na laini ya simu: iliyokaa miaka bila kutumika huenda ilishafungwa. Hakuna tajiri (mwajiri) atakayependa kutuma malipo ya kila jioni kwa namba ya shemeji ya mtu.

2. Ujuzi aliotoka nao
Muulize alikuwa anafanya nini ndani. Kamiti kuna karakana za useremala, na namba za magari zimetengenezwa huko miaka mingi. Gereza la wanawake la Lang'ata kina mama hufundishwa ushonaji na ususi. Wengi walifanya mtihani wa ufundi wa Grade 3 au zaidi, lakini cheti hawakukifuata. Kifuateni. Kinatolewa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, walewale wanaompima fundi wa Kariobangi ambaye hajawahi kuona pingu. Kama hakufanya mtihani, akauombe kwao; ofisi zao ziko Commercial Street, Industrial Area.

3. Mtu wa kumpeleka
Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Karakana za Gikomba, Kamukunji, Kariobangi Light Industries: kote huko watu huingia kazini kwa kuletwa. Anayemleta awe mtu ambaye mwenye karakana anamjua kikazi: muuza mbao, fundi mwenzake, mteja wa siku nyingi. (Barua ya mchungaji ni nzuri, ila haisemi kama anajua kushika randa.)

Anayemleta amwambie mwenye karakana, anayeletwa naye akisikia: "Huyu alifungwa kwa wizi, amemaliza kifungo chake. Useremala anaujua. Mjaribu wiki mbili kwa malipo ya siku, usimpe funguo wala pesa za wateja. Kukiwa na neno, nipigie mimi." Hilo la funguo lisikuudhi. Linamlinda yeye kuliko linavyomlinda tajiri, maana siku drili itakapopotea, macho yote yatamgeukia. Ndiyo maana mimi husisitiza daftari la vifaa: kila jioni kila fundi, si yeye peke yake, arudishe alichotumia na kutia sahihi. Tajiri akikataa daftari, tafuteni karakana nyingine.

4. Nauli na chakula
Mpe vya wiki ya kwanza. Asiyekula mchana huomba advansi siku ya tatu, na tajiri huanza kunong'ona.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, fomu ikiuliza kama umewahi kufungwa, aandike nini?*
Ukweli, kwa ufupi: kosa, mwaka aliotoka, ujuzi alio nao sasa. Asisimulie kesi yote wala asimlaumu hakimu. Akidanganya na wakagundua baadaye, atafutwa kwa uongo, hata kama lile kosa la zamani wangelisamehe.

*Ndugu yangu anataka Hustler Fund (mkopo wa serikali) aanze biashara badala ya kutafuta kibarua. Nimkubalie?*
Mwezi wa kwanza, hapana. Mkopo wa mtu binafsi huanzia shilingi 500 na unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Mtumba hauzunguki hivyo kwa mtu ambaye bado hana wateja. Apate kibarua kwanza, biashara aiongeze pembeni.

*Mume wangu yuko chini ya probesheni (uangalizi wa mahakama nje ya jela), na siku za kuripoti zinagongana na kazi. Bosi ameanza kununa.*
Dada, mwende wote wawili kwa afisa wa probesheni kabla hajakosa hata siku moja. Beba jina la karakana, namba ya bosi na saa za kazi, mwombe ampangie siku au saa nyingine. Wakikubaliana, bosi aambiwe siku hizo mapema, naye mumeo afidie jioni saa alizokosa. Mkiwa hapo, ulizeni kama kuna vifaa vya kuanzia kazi; wakati mwingine idara huwa navyo.