Mizani Kabla ya Chai: Kujitunza Unapoishi na Moyo Ulioshindwa Kusukuma Damu Ipasavyo

Mimi ni muuguzi hapa Mtwara, na mwongozo huu ni kwa mgonjwa aliyekwisha kuthibitishiwa ugonjwa huu na daktari, pamoja na ndugu anayemuuguza. Naanza na mizani kwa sababu mara nyingi maji hujikusanya mwilini siku kadhaa kabla pumzi haijabana.

Hatua ya kwanza: pima uzito kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu wala si juu ya mkeka, kisha uandike kwenye daftari. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huko si kunenepa. Yaelekea ni maji, na yafaa uwasiliane na kituo siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Asiye na mizani abonyeze mfupa wa muundi kwa kidole gumba na atazame kama shimo linabaki. Pia ahesabu mito anayohitaji ili alale bila kukosa hewa.

Hatua ya pili: chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo tayari ndani ya chakula. Hapa kwetu tatizo kubwa ni ng'onda na papa mkavu, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, kwani kuwaloweka hupunguza chumvi lakini hakuimalizi. Samaki mbichi kwa ndimu na kitunguu saumu ni bora zaidi, na korosho ziwe zisizotiwa chumvi.

Hatua ya tatu: meza dawa hata ukijisikia vizuri, na msimu wa korosho ukihamia shamba, chukua za kutosha. Usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, kwa kuwa huzuia chumvi na maji kutoka mwilini. Anayetumia spironolaktoni au enalaprili, dawa za moyo zinazobakiza madini ya potasiamu mwilini, aulize kwanza kuhusu madafu, ambayo yana potasiamu nyingi. Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari mapema.

Ukikosa pumzi hata umeketi, ukizimia, au ukikohoa povu lenye rangi ya waridi, nenda hospitali mara moja hata kama ni usiku, iwe Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi. Mgonjwa anayekosa pumzi asafirishwe akiwa ameketi wima, asilazwe, na ndugu abebe daftari pamoja na dawa zote.