Kwa mwanachuo mwenye aibu anayependa katuni
Wewe uliyeanza chuo pale Malimbe, Mwanza, na kuongea na watu unaona mlima, usisubiri mpaka uzoee, wahi kanisani kabla ya ibada uombe kazi ya mikono, kupanga viti, kukunja nyaya za spika, au uwachoree watoto wa sandei skuli hadithi kwenye viboksi kama vya katuni, mfano Yona na samaki wake, yaani watoto wa huku waliokulia kwenye sangara watakujaza maswali wenyewe. Mikono ikiwa bize mdomo unafunguka, kweli kabisa. Na katuni zako usizifiche hosteli! Spider-Man mwenyewe alipotoka 1962 alikuwa mwanafunzi mpole anayetengwa na wenzake. Soma waziwazi kantini, atakayekuuliza "hilo toleo la ngapi?" mkaribishe kiti.