Somo: Zoezi la dakika 12 la kuhamisha usikivu, kwa vijana wenye sonona na mawazo yasiyokatika

Nimejibu jambo hili inboksi mara nyingi mno. Naliweka lote hapa, someni kabla ya kuuliza.

Zoezi si langu. Lilitungwa na Adrian Wells, mwanasaikolojia wa Manchester, Uingereza, akalichapisha 1990 kwa ajili ya mtu mwenye hofu kali. Mwaka 2000 yeye na Costas Papageorgiou walilijaribu kwa wagonjwa wanne wenye sonona ya kujirudia, na dalili zikapungua. Wanne ni wachache, siwadanganyi. Lakini hoja yake ndiyo iliyonishika: kinacholisha sonona si wazo baya lenyewe, ni kulicheua kutwa nzima. Usikivu ukizoea kwenda unakoutuma, wazo linapata nafasi ya kupita. Mimi nilianza nikiwa na miaka 22, baada ya kudisko chuo (kuondolewa kwa kufeli), wakati nilikuwa naweza kukaa kitandani toka asubuhi hadi adhuhuri nawaza na kuwazua neno moja.

Kama unafikiria kujiua, usianzie hapa. Nenda hospitali leo, na uende na mtu. Kama unatumia dawa, usiziache.

1. Panga saa maalumu, ileile kila siku. Mimi ni saa 1 asubuhi.

2. Kaa kitini, macho wazi, tazama alama moja ukutani.

3. Jipime: -3 akili yote imo ndani yako, +3 yote iko nje. Andika namba.

4. Tafuta sauti sita au zaidi, za karibu na za mbali. Kwangu ni feni, saa ya ukutani, cherehani ya jirani, friji la dukani, bodaboda za barabarani, na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake.

5. Dakika 5: sauti moja kwa wakati, nusu dakika hivi kila moja. Nyingine zipo, usizifuate.

6. Dakika 5: ruka toka sauti hadi sauti, kila sekunde 10, kisha kila sekunde 5. Hapa utachoka. Ni sawa.

7. Dakika 2: zisikilize zote kwa pamoja, uhesabu ni ngapi.

8. Jipime tena. Namba ikipanda kwa 2, umefanya vizuri.

Sasa nilipoharibu, miezi miwili mizima. Mawazo yakinijia usiku nilikimbilia sauti ili yaondoke. Feni ya hosteli ilikuwa na panga moja lililolegea, tak, tak, tak, nami nikaing'ang'ania hadi saa 8 usiku, na kila baada ya muda nachungulia ndani kama wazo limetoka. Kuchungulia kule ndiko kulikokuwa kunalirudisha. Nikazidi kuwa mbaya, nikasema zoezi ni uongo. Zoezi halifukuzi wazo! Likija katikati ya dakika 12, liache liwepo kama kelele nyingine, wewe endelea na cherehani. Usilifanye wakati umeshazama kwenye mawazo. Lifanye kwa saa uliyopanga, hata siku uliyoamka vizuri. Usilitumie kutafuta usingizi. Na usijiulize katikati "nimepata nafuu?"

MASWALI

Njiwa: Naweza kulifanya nikiwa naendesha pikipiki?
— Hapana. Hatua ya 2.

Kona Baa: Nimefanya jana sijaona kitu. Haya mambo ni ya Wazungu.
— Mara moja haitoshi. Fanya kila siku kwa wiki nne, uje na namba zako. Na si ya Wazungu peke yao: Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na Dk. Dixon Chibanda alilijengea kazi nzima ya bibi wanaosikiliza wagonjwa kwenye mabenchi, Harare, toka 2006.

Kona Baa: Sawa, nitarudi.

Dada Mkubwa: Mdogo wangu ana miaka 19, sikio la kushoto halisikii. Litamfaa?
— Asante kwa swali hili, dada. Litamfaa. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, kwa hiyo asihangaike na upande. Achague sauti zinazotofautiana kwa aina: nyembamba, nzito, ya mfululizo, ya kukatika. Akae sikio zima likielekea dirishani. Siku za kwanza kaeni pamoja, wewe umtajie sauti naye ahame.

Msomaji: Na mawazo ya usiku je, nifanye nini nayo?
— Yapangie muda. Yakija, yaambie "kesho saa 11 jioni". Ikifika hiyo saa, una dakika 15 za kuwaza, kisha unanyanyuka. Mara nyingi saa 11 inafika nimesahau nilitaka kuwaza nini.

Neema K.: Naongeza: lipo dodoso la kupima sonona, PHQ-9, kwa Kiswahili, maswali 9, alama 0 hadi 27. Mimi hujaza kila wiki mbili.
— Vizuri sana. Kila wiki mbili, si kila siku. Na swali la 9, la kujidhuru, likiwa si sifuri, zungumza na mhudumu wa afya, hata kama jumla ni ndogo.

Njiwa: Sauti ngapi?
— Hatua ya 4.

Mkulima: Kwetu asubuhi ni kimya, kaka. Nasikia tatu tu.
— Ongeza mwenyewe: bomba lidondoke kwenye ndoo, redio chini kabisa chumba cha pili, saa ya mshale. Kisha sikiliza mbali zaidi ya ulivyozoea.

Mkulima: Nimejaribu leo. Jogoo, ndoo, redio, mchi wa jirani, upepo kwenye migomba, mtu anakohoa ng'ambo ya mto. Huyo wa ng'ambo sikuwahi kumsikia.