Kulinganisha kwa Kiingereza: kivumishi kinabadilika, “kuliko” haitoshi

Kiswahili kikilinganisha hakigusi kivumishi. Juma ni mrefu, Juma ni mrefu kuliko Asha, Juma ni mrefu kuliko wote: “mrefu” ni ileile mara zote tatu, kazi inafanywa na “kuliko”. Kiingereza kinabadilisha kivumishi chenyewe: tall, taller, tallest. Ndiyo maana kosa letu la kwanza huwa “Juma is tall than Asha”. Mtu akishaweka “than” anaona amemaliza, kumbe kivumishi kimebaki kama kilivyokuwa. Sema “Juma is taller than Asha”.

Kuchagua kati ya -er na more, hesabu silabi kwa sikio, si kwa macho. Hapa wengi tunanaswa, kwa kuwa Kiswahili hutamka kila irabu iliyoandikwa. Ukiisoma “large” kwa macho ya Kiswahili utaona silabi mbili. “Cheap” nayo ina irabu mbili. Lakini ya kwanza hutamkwa “laaj” na ya pili “chip”, silabi moja moja. Kwa hiyo ni larger na cheaper, si “more cheap”.

Neno la silabi moja huongezwa -er, na -est kwa kinachopita vyote. Tahajia ndiyo yenye mitego:

- Likiishia na e, ongeza r au st tu: large, larger, largest.
- Likiishia na irabu moja kisha konsonanti moja, rudia konsonanti: big, bigger; hot, hottest. Irabu zikiwa mbili, usirudie: cheap, cheaper. Herufi w hairudiwi kamwe: slow, slower.
- Silabi mbili zinazoishia na y: y inageuka i. Easy, easier, easiest.

Maneno mengine mengi ya silabi mbili, na karibu yote marefu zaidi ya hapo, huchukua more na most: more careful, most expensive. Machache, kama simple, clever na quiet, yanakubali njia zote mbili. Usichanganye njia hizo katika neno moja, maana “more taller” na “more better” ni “zaidi” yetu iliyoongezwa juu ya neno ambalo tayari limeshaongezwa.

Haya hayana kanuni, yakariri tu: good, better, best; bad, worse, worst; far, further, furthest; little, less, least; much na many, more, most. “Worser” haipo.

“Mrefu sana kuliko” haigeuki “very taller”. Neno very halikai mbele ya -er. Weka much au far: “much taller”. Tofauti ikiwa ndogo, “a bit taller”.

Angalia pia “mkubwa”. Ukisema “My brother is bigger than me”, Mwingereza anaona mwili mnene au mrefu. Kama unamaanisha umri, ni older, na mdogo ni younger. Elder hutumika mbele ya nomino, “my elder brother”, wala haifuatwi na than.

Kinachopita vyote hudai “the” mbele yake: “Kilimanjaro is the highest mountain in Africa.” Kikiwepo kimilikishi, the inaondoka: “my best friend”. Mahali au kundi huchukua in (in Africa, in the class), idadi huchukua of (of the three, of all).

Ukitaka kusema jambo hilohilo kwa than, usisahau other. “Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa” inaufanya mlima huo wa mita 5,895 ujipite wenyewe, kwani nao umo Afrika. Andika “any other mountain”.

Katika hili moja Kiswahili kinatusaidia. Tunasema idadi ya watu ya Tanzania ni kubwa kuliko ya Uganda, wala hatuiachi ile “ya” ya pili. Kwa Kiingereza wengi huiacha, wakalinganisha idadi ya watu na nchi. Irudishe: “Tanzania's population is larger than Uganda's.”

Vitu vikiwa sawa, kivumishi hakiongezwi chochote: “as tall as”. Ukikanusha unapata njia rahisi ya kukwepa -er: Mlima Kenya una mita 5,199, basi “Mount Kenya is not as high as Kilimanjaro.”

Na si kila “kuliko” ni than. “Napenda chai kuliko kahawa” unaweza kuisema “I like tea more than coffee”, lakini ukitumia prefer, than inakaa pembeni: “I prefer tea to coffee.” Senior nayo huchukua to: “She is senior to me.”