Sarafu inang'aa, ila ni mng'aro wake au imesuguliwa? Jinsi ya kuikagua

Watu wengi wakiona sarafu ya zamani inang'aa wanajua wameokota dodo, kumbe mara nyingi kung'aa kwenyewe ndo kasoro. Mi nilinunua dola ya Morgan ya 1921, ile ya fedha ya Marekani, kwenye picha ilikuwa inawaka kweli kweli, ikafika mkononi nikaiweka chini ya taa nikaizungusha na mwanga ukaganda palepale. Iliniuma sana, maana sarafu ikishasuguliwa hamna dawa ya kuirudisha. Ndo maana nataka ujue kukagua kabla hujatoa hela.

Kwanza elewa mng'aro wa asili unatoka wapi. Sarafu ikigongwa kiwandani, madini yanasukumwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni, na ule mwendo unaacha mistari midogo mno ambayo kwa macho huioni mmoja mmoja. Hiyo mistari ndo inarudisha mwanga. Ukisugua unaifuta, basi, haijalishi umetumia kitambaa laini kiasi gani.

Hatua ya 1: andaa mwanga. Taa moja ya mezani yenye balbu moja, sehemu nyingine ya chumba iwe giza giza. Taa za tyubu hazifai, zinamwaga mwanga kila upande na mikwaruzo inajificha. Shika sarafu kwenye ukingo, vidole visiguse uso, na chini weka kitambaa ikikuponyoka isiumie.

Hatua ya 2: izungushe. Hapa usiwe na haraka, hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Ilaze kidogo kuelekea taa halafu uizungushe taratibu huku unaipinda pinda. Sarafu ambayo haijaguswa utaona mikanda ya mwanga inatoka katikati kama spoku za baiskeli na inazunguka, inapita uwanda wote (ile sehemu bapa isiyo na picha wala maandishi), inapanda juu ya picha na kushuka upande wa pili bila kukatika. Iliyosuguliwa inang'aa sawa sawa kila mahali kama sufuria, unaizungusha wee hamna kinachotembea. Ukiona mikanda inatembea ila inakatika sehemu zilizoinuka, mfano kwenye shavu au nywele juu ya sikio, hapo ni kuchakaa kwa kawaida, imepita mikononi mwa watu, huo sio usafishaji. Ila sarafu iliyochakaa picha yake afu uso wote, hata hizo sehemu zilizochakaa, unawaka kama mpya, hiyo kimbia, maana sehemu za juu ndo hupoteza mng'aro kwanza, haiwezekani zichakae na bado ziwake.

Hatua ya 3: chukua lenzi. Ya kukuza mara 5 hadi 10 inatosha. Tafuta mikwaruzo myembamba kama unywele, ambayo inaonekana ukiwa kwenye pembe fulani tu na ukigeuza kidogo inapotea, kwa hiyo geuza geuza. Ikiwa mingi inaelekea upande mmoja, au inazunguka duara duara, mtu kapitisha kitambaa. Sasa kuna mtego: muhuri wa kugongea nao huwa unapigwa msasa kiwandani na unaacha mistari kwenye sarafu. Tofauti yake ni kwamba mistari ya muhuri imeinuka juu ya uso na kwa kawaida inaishia inapokutana na herufi au picha, ila ya kusugua imechimbika na inapita juu ya kila kitu bila kujali.

Hatua ya 4: pembeni mwa herufi. Kama uwanda ni mweupe peee ila kwenye vikona vya herufi na tarakimu kumejaa uchafu mweusi, kitambaa hakikufika huko. Wengine wanatumia brashi ya waya ya mashine kuigiza mng'aro, hiyo utaijua kwa sababu madini yanasukumwa yanajikusanya kama kijituta ubavuni mwa herufi.

Hatua ya 5: rangi. Shaba ya asili huanza na wekundu wa moto, halafu inakwenda kwenye kahawia polepole, ila iliyosafishwa inakuwa na pinki fulani hivi ambayo haijatulia. Kwa fedha angalia iliyochovywa kwenye dawa ya asidi. Ikichovywa mara moja haraka inaweza kubaki na mikanda yake, ila kila ikichovywa uso unaliwa kidogo, na ikirudiwa sana inabaki nyeupe iliyopoa, haina uhai kabisa ukiizungusha.

Angalizo, sarafu za prufu, yaani zile zinazogongwa maalum kwa wakusanyaji, zina uwanda kama kioo na hazina ile mikanda, zilitengenezwa hivyo kwa mihuri iliyong'arishwa, kwa hiyo usizihukumu kwa hatua ya 2, nenda moja kwa moja kwenye lenzi.

Macho yanazoea kwa kufanya. Chukua sarafu mbili mpya za kawaida za matumizi, zile zinazong'aa bado, zizungushe chini ya taa mpaka uione mikanda vizuri, halafu moja isugue kwa dawa ya meno na kitambaa nusu dakika, suuza, kausha, uziweke tena pamoja chini ya taa ileile. Rudia kuzilinganisha siku mbili tatu hivi, utaanza kuiona tofauti hata kabla hujashika lenzi.